Unene wa Sindano na Ukweli wa Jibu



Mwanamke anapogundua uvimbe katika titi lake, jambo la mwisho analolifikiria ni unene wa sindano. Hufikiria watoto wake, kazi yake, na jirani aliyefariki kwa ugonjwa ambao nyumbani kwake haukutajwa kwa jina. Hata hivyo, kabla daktari hajamwambia neno lolote la hakika, uvimbe ule hauna budi ujulikane ni kitu gani. Mkono wa daktari hupapasa na kushuku. Picha ya eksirei huonyesha kivuli. Kipimo cha altrasaundi hueleza kama ndani mna maji au mna nyama. Hukumu yenyewe hutolewa na darubini, na darubini haiwezi kuhukumu kitu ambacho haikuletewa. Kazi ya kuileta nyama ile mbele ya darubini ni ya sindano.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba habari ya ukubwa wa sindano hiyo haiwahusu madaktari peke yao. Afisa ugavi ndiye anayeandika katika karatasi ya maagizo ni sindano za namba gani zinunuliwe. Mkuu wa shule ndiye anayetoa ruhusa kwa mwalimu aliyeitwa hospitali. Mwalimu naye ndiye anayeulizwa kijijini kama ni kweli kwamba uvimbe ukichomwa huwa umeamshwa. Watu wote hao hushiriki, wajue wasijue, katika kuamua kama mgonjwa atapata jibu la kweli au atapata nusu ya jibu.

Ili thamani ya sindano ionekane, yafaa kukumbuka mambo yalivyokuwa kabla yake. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, hata katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, mwanamke mwenye uvimbe aliingizwa katika chumba cha upasuaji bila kujua hatima yake. Alilazwa usingizi, uvimbe ukakatwa, na kipande chake kikagandishwa kwa baridi na kutazamwa papo hapo. Kilipoonekana kuwa ni saratani, titi zima liliondolewa katika usingizi ule ule. Mwanamke aliamka akiwa hajui kama bado analo titi au hana. Hakupewa nafasi ya kutafakari, wala ya kuzungumza na jamaa zake, wala ya kuuliza kama ipo njia nyingine. Sindano ndiyo iliyoutenganisha uchunguzi na matibabu, na hivyo ikampa mgonjwa muda wa kujua kwanza na kuamua baadaye.

Sasa kuhusu vipimo. Sindano za hospitali hupimwa kwa geji, kipimo kilichotokana na desturi ya kale ya mafundi wa waya wa Uingereza. Kila aliyejenga nyumba anaijua tabia ya kipimo hiki. Bati la geji 28 ni nene kuliko bati la geji 30, ingawa mgeni wa mambo angedhani kinyume chake. Jedwali la mabati si jedwali la sindano, lakini kanuni ni moja: namba ikipanda, unene hushuka. Sindano ya geji 25 ina upana wa nusu milimita. Ya geji 22 ina kiasi cha milimita 0.7, ya geji 18 milimita 1.3, ya geji 14 milimita 2.1, na ya geji 11 milimita 3 hivi. Sindano ya geji 8 huzidi milimita 4.

Walimu wa hisabati wataona mara moja jambo ambalo wengi hawalioni. Upana wa geji 14 ni mara nne ya upana wa geji 25, lakini eneo la mduara wake ni zaidi ya mara 16. Hata baina ya geji 18 na geji 14, ambazo machoni zinakaribiana, eneo hutofautiana kwa karibu mara tatu. Kwa hiyo mtu anayeongeza sehemu ya milimita katika upana wa sindano huongeza nyama nyingi katika chupa ya maabara. Hiyo ndiyo siri ya jambo zima.

Sindano zinazotumika kuchunguza titi bila kulipasua zimegawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la sindano nyembamba, za geji 21 hadi 25. Sindano hufungwa kwenye bomba la kawaida, daktari huichoma katika uvimbe, huvuta, na kupata chembe hai chache ambazo hupakwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Njia ya kuvuta chembe kwa sindano ilitangazwa na madaktari Hayes Martin na Edward Ellis wa Memorial Hospital, New York, mwaka 1930. Wao walitumia sindano ya geji 18. Waliokuja kuikuza kwa sindano nyembamba zaidi ni madaktari wa Sweden, hasa wa Karolinska, Stockholm. Uzuri wake ni dhahiri. Ni rahisi, ina gharama ndogo, haina maumivu makubwa, na penye mtaalamu jibu laweza kupatikana siku ile ile. Kama uvimbe ni mfuko wa maji, sindano hiyo huyatoa maji na habari ikaishia hapo. Kwa tezi za kwapani nayo hufaa sana.

Lakini ina upungufu ambao haufai kufichwa. Chembe zilizovutwa hufika kwenye kioo zikiwa zimetawanyika, mfano wa matofali yaliyobomolewa kutoka ukutani. Mtaalamu aweza kusema kwamba matofali haya ni mabovu. Hawezi kusema ukuta ulisimama vipi. Saratani ambayo bado imo ndani ya vijia vya maziwa na saratani ambayo imekwisha kupenya nje hutoa chembe zinazofanana, ilhali matibabu yake hayafanani. Zaidi ya hayo, mara nyingine sindano hurudi na damu tupu au na chembe zisizotosha, na jibu likaandikwa kuwa sampuli haikutosha. Maneno hayo mgonjwa akiyasikia huyaelewa kuwa hana ugonjwa, akaenda zake nyumbani.

Kundi la pili ni la sindano zinazokata kinyama. Hizi ni za geji 14, 16 na 18, na zile za geji 14 ndizo zilizozoeleka kwa titi. Sindano ya ndani ina pengo ubavuni. Sindano ya nje huifuata kwa nguvu ya springi na kukata nyama iliyoingia katika pengo hilo. Kifaa cha springi kilibuniwa Sweden na daktari Per Gunnar Lindgren katika miaka ya mwanzo ya 1980. Ngozi hutiwa ganzi, hutobolewa tundu dogo, kisha husikika mlio mkavu kama wa stepla ya ofisini. Kinachopatikana ni kipande chembamba kama tambi, chenye urefu wa kiasi cha sentimita 2. Hapa ukuta huja pamoja na matofali yake. Mtaalamu huona kama saratani imepenya au haijapenya, na kipande hicho hicho huweza kupimwa kama ugonjwa unalishwa na homoni na kama una alama ya HER2. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua ni dawa gani apewe mgonjwa.

Swali la geji 14 dhidi ya geji 18 lilijibiwa mapema. Daktari Steve Parker na wenzake wa Colorado, Marekani, walipotangaza kazi yao mwaka 1990, walikuwa wamejaribu geji 18, 16 na 14, na kuona kwamba sindano nene ndiyo iliyotoa vinyama vyema zaidi. Mwaka uliofuata walitangaza matokeo ya geji 14 peke yake: jibu la sindano lililingana na jibu la upasuaji katika takriban 96 kwa kila 100. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba geji 16 nayo, ikiongozwa na altrasaundi katika uvimbe ulio thabiti, huweza kuikaribia geji 14. Geji 18 ina kazi zake, kama katika tezi dume, au kwapani karibu na mishipa mikubwa ya damu. Ila kuifanya kuwa sindano ya kawaida ya titi kwa sababu tu ni nyembamba, au kwa sababu ndiyo iliyokuwamo ghalani, ni kumwonea mgonjwa kwa jina la huruma.

Kundi la tatu ni la sindano zinazokata zikisaidiwa na mashine ya kuvuta hewa. Zilianza kutumika Marekani katikati ya miaka ya 1990, na huwa za geji 7 hadi 14. Sindano huingizwa mara moja tu. Mashine huvuta nyama ndani ya pengo, kisu hukata, kipande hutolewa, kisha sindano huzungushwa na kukata upande mwingine bila kuchomolewa. Tofauti ya uzito ni kubwa. Kinyama kimoja cha springi cha geji 14 kina kiasi cha miligramu 17. Cha mashine ya kuvuta kwa geji hiyo hiyo kina miligramu 35 hadi 40. Cha geji 11 hufika karibu miligramu 100.

Faida ya uzito huo huonekana hasa katika ugonjwa usioshikika kwa mkono. Katika nchi ambako wanawake wasio na dalili huitwa kupigwa picha za matiti kila baada ya muda, picha mara nyingi huonyesha vijichembe vya chokaa vilivyotawanyika, bila uvimbe wowote. Sindano ya springi huweza kupita katikati ya vijichembe hivyo na kuleta sehemu isiyo na ugonjwa. Upo mfano mmoja unaotosha. Kuna badiliko la chembe za vijia vya maziwa ambalo si saratani lakini linaelekea huko. Sindano ya springi ya geji 14 inapoleta jibu hilo, karibu nusu ya wanawake wanaopasuliwa baadaye hukutwa na saratani iliyokuwa jirani na mahali sindano ilipokata. Kwa mashine ya kuvuta ya geji 11, kiasi hicho hushuka hadi karibu mtu mmoja katika watano. Ni dhahiri kwamba sindano nene hupunguza kukosea. Ni dhahiri pia kwamba haiondoi kukosea kabisa.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo panapotakiwa busara. Baada ya kusikia hayo, mtu aweza kukata shauri kwamba kila hospitali inunue mashine ya kuvuta yenye sindano nene kuliko zote. Huko kutakuwa ni kuvaa kiatu cha mwenzio. Katika Tanzania, wanawake wengi wenye saratani ya matiti hufika hospitali wakiwa na uvimbe ambao hata wao wenyewe wanaushika, na wengi wao hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele. Uvimbe wa namna hiyo hauhitaji mashine ya gharama kubwa ili ukatwe kinyama. Unahitaji sindano ya springi ya geji 14, ganzi, mashine ya altrasaundi, na mkono uliofundishwa. Ukaguzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2009 na wakala wa serikali ya Marekani wa utafiti wa huduma za afya ulionyesha kwamba sindano za springi zikiongozwa na picha hugundua kiasi cha saratani 97 au 98 katika kila 100, na kwamba madhara makubwa hutokea kwa chini ya mgonjwa mmoja katika 100. Zikichomwa kwa kupapasa tu, bila picha, usahihi hushuka. Kwa hiyo shilingi inayotumika kumfundisha mganga kutumia altrasaundi huweza kuzaa zaidi ya shilingi inayotumika kununua sindano nene kupita kiasi.

Tena sindano si mwisho wa safari. Kinyama kikitolewa vizuri na kuachwa mezani kikauke, kazi yote imepotea. Hakina budi kutiwa katika fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, na kukaa humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72, ili vipimo vya homoni na HER2 viaminike. Chupa isiyoandikwa jina, gari la hospitali lililokosa mafuta, fomu iliyolala katika trei ya karani wiki tatu: haya hayamo katika vitabu vya udaktari, lakini huua. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, limeweka lengo kwamba uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza. Siku hizo 60 zimo mikononi mwa makarani, maafisa ugavi na madereva, sawa na zilivyo mikononi mwa madaktari.

Liko pia jambo la jibu lisilolingana. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni kwamba mambo matatu lazima yakubaliane: yale aliyoyashika daktari kwa mkono, yale yaliyoonekana katika picha, na yale yaliyoonekana katika darubini. Kama mkono na picha vinasema huu unafanana na saratani, na sindano inasema hakuna kitu, basi hakuna ruhusa ya kuiamini sindano na kufunga jalada. Uchunguzi hurudiwa, pengine kwa sindano nene zaidi, pengine kwa upasuaji mdogo. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza: je, jibu hili linalingana na picha? Swali hilo si utovu wa adabu mbele ya daktari. Daktari mwema hulifurahia.

Achukuliwe mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 44. Amechomwa sindano nyembamba, na jibu likasema sampuli haikutosha. Anaomba ruhusa ya kurudi hospitali ya mkoa kukatwa kinyama. Mkuu wake, ambaye ana upungufu wa walimu na mitihani iko karibu, anamwuliza kwa nini arudi ilhali alikwisha kupimwa. Mkuu huyo si mtu mbaya. Amekosa tu kujua kwamba kuna kupimwa na kupimwa. Laiti angejua tofauti ya sindano hizi mbili, angempa ruhusa siku ile ile, na pengine angemtafutia mtu wa kumshikia darasa.

Hofu nayo ina nafasi yake. Wako wanaosema kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa, na kadiri chuma kinavyokuwa kinene ndivyo inavyosambaa zaidi. Ukweli ni kwamba chembe chache huweza kusogezwa katika njia ya sindano, na wataalamu wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Hawakuona kwamba wanawake waliochomwa sindano huishi muda mfupi kuliko wengine. Kinachofupisha maisha ni miezi inayopotea kati ya siku uvimbe ulipogunduliwa na siku matibabu yalipoanza. Wale wanaosimulia kwamba fulani alichomwa sindano kisha akafa, mara nyingi husahau kusimulia kwamba alikaa na uvimbe mwaka mzima kabla ya kuchomwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Maumivu yapo, na si haki kumdanganya mgonjwa. Ganzi yenyewe huwasha inapoingia. Baadaye titi huweza kuuma na kuvia damu kwa siku kadhaa, na sindano ikiwa nene zaidi damu nayo huweza kuzidi kidogo. Ndiyo maana mahali pale hukandamizwa kwa dakika kadhaa na kufungwa. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hana budi kumwambia daktari mapema. Lakini tundu la sindano, hata la geji 8, halilingani na kovu la upasuaji, wala halihitaji kulazwa wodini.

Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Kila mmoja wa wale waliogunduliwa alihitaji jibu la darubini kabla ya kupewa dawa iliyo sahihi. Hesabu hiyo ni kubwa mno kumtia mtu simanzi ya kweli; yatosha kumfikiria mmoja tu, aliyeketi kwenye benchi la hospitali na bahasha mkononi.

Kwa hiyo, mwenye kuagiza vifaa aulize kwanza sindano hizo zitafanya kazi gani, kisha ndipo atazame bei. Mwenye kutoa ruhusa ajue kwamba kuitwa mara ya pili si uvivu wa mtumishi. Mwenye kufundisha awaambie wasichana na wavulana kwamba namba kubwa ya geji ni sindano nyembamba, na kwamba sindano nyembamba si lazima iwe ndiyo yenye huruma. Na mwenye uvimbe asiogope unene wa milimita mbili. Sindano inayomfaa ni ile itakayoleta nyama ya kutosha kulijibu swali lake, ili yeye na daktari wake wajue ukweli mapema, wakati ukweli huo ungali na faida.